Maandishi ya Shali ya Mama

Mama Vifungo alikuwa akishona, vifungo viwili mdomoni. Ndivyo alivyopata jina hilo. Mdogo wake alikuwa akipiga pasi.

"Sielewi," alisema Mama Vifungo. "Juzi mteja mgeni alisoma tatuu ya mkononi mwangu, akacheka. Jana mwingine akaniuliza kama naogopa jua. Jua limeingiaje hapa?"

"Wivu tu, dada. Mimi Jumamosi nachorwa kama yako."

Marehemu mama yao alikuwa na shali kutoka ng'ambo. Pembeni ilikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi ya kigeni. Mama akiwa na mawazo, alikishika. Basi Mama Vifungo aliamini ni dua. Alikipeleka kwa mchora tatuu, naye akanakili herufi moja moja mkononi mwake. Kuzisoma, hata yeye hakujua.

Mara akaingia mkalimani, kaleta suruali ya kupunguzwa. Aliuona mkono. Akainama, akasoma tena.

"Dada, umeyatoa wapi maneno haya?"

"Ni dua ya mama yangu."

Mkalimani alikuna kichwa. "Sijui nikwambieje. Yanasema: Fua kwa maji baridi. Usianike juani."

Vifungo vilimtoka mdomoni. Kila siku yeye hushona lebo kwenye nguo za watu!

"Mimi, fundi mzima? Sasa mama alikuwa akishika nini miaka yote ile?"



"Na mimi nimeshaweka miadi!" alisema mdogo wake.

"Usiende kwanza," alisema mkalimani. "Mchoraji ananakili tu, hasomi. Simu nayo hukosea kutafsiri. Tafuta watu wawili wanaoijua lugha, kila mmoja peke yake. Usiwaambie unachotarajia. Waulize tu pameandikwa nini. Huu si mshono, dada, huwezi kuufumua."

Mchana huo walifungua sanduku la mama. Ndani mlikuwa na karatasi zake za vipimo vya kukatia nguo, maana naye alikuwa fundi. Kwenye karatasi ya gauni la utotoni la mdogo mtu, mama aliandika kwa penseli: "Acha pindo kubwa. Huyu anakua."

Mdogo mtu alilia sana.

Jumamosi walikwenda kwa mchora tatuu na karatasi ile, mdogo mtu achorwe mwandiko wa mama. Mchoraji alifungua sindano mpya mbele yao.

"Ngoja," alisema Mama Vifungo. "Kwanza tusome."

Walisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Wote watatu walisoma maneno yale yale.