Mwalimu Aliyejifungua Mara Mbili

Alhamisi, saa mbili asubuhi, dada wa mapokezi katika hospitali moja mjini Nakuru aliangalia kompyuta, akaangalia tumbo la Mwalimu Wachuka, kisha akairudia kompyuta.

"Madam, hapa inasema ulijifungua juzi, hospitali nyingine. Mvulana."

"Mimi? Na hii nimebeba ni nini, viazi vya Molo?"

Makubwa! Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni na daktari alitaka Wachuka apasuliwe siku hiyo hiyo. Bima ya walimu ikakataa: fedha zake za uzazi zilikuwa zimeshatumika.

Polisi wakaitwa. Koplo Gachanja aliandika maelezo, akayasoma mara tatu, akajikuna kichwa. Bima walimtumia nakala ya karatasi ya kuzaliwa ya huyo mvulana, wakamweleza kuwa namba ya siri ya kuidhinisha malipo ilitumwa kwa simu ya Wachuka Jumanne, saa nne na dakika ishirini.

"Saa nne nilikuwa darasani Molo," Wachuka alisema. "Simu tunaacha kwa ofisi ya sekretari. Hedimasta hataki kuziona darasani. Na yangu haina hata password."

Saa tano Gachanja alikuwa shuleni. Alianza na naibu wa hedimasta, Njuguna, mwenye kutunza faili la bima.

"Jumanne saa nne ulikuwa wapi?"

"Olenguruone, kwa michezo. Uliza hao watoto wote, afande!"

Walimu wengine walikuwa madarasani. Gachanja alichanganyikiwa kabisa. Akaketi ofisini kwa Immaculate, sekretari, mama mpole aliyemmiminia chai. Kando ya simu zilizokuwa zikichaji palikuwa na hotipoti kubwa, imejaa njahi, yale maharagwe meusi, pomoni.

"Kwenu kuna mzazi?" Gachanja aliuliza. Mkewe alikuwa amejifungua miezi miwili nyuma, njahi anazopikiwa mzazi apate maziwa alizijua.

"Hakuna, afande. Ni hamu tu."

Hamu ya watu wanne? Gachanja akaitoa ile karatasi.

"Mama wa mtoto ni Wachuka. Kwa serikali, huyu ni wake. Akidai aletewe leo, nani atamkatalia?"

Kikombe kilimponyoka Immaculate. "Wacha! Huyo ni wa Cate! Ni mjukuu wangu!"

Kisha akaziba mdomo, lakini wapi.

"Miaka kumi na miwili nawajazia walimu fomu za bima," alisema akilia. "Mimi niliandikwa na kamati ya wazazi, jina langu halimo kwa bima. Jumanne binti yangu alikuwa anatokwa damu, hospitali wanauliza bima. Nikampa jina la Wachuka. Namba ilipoingia nikamsomea kwa simu, nikaifuta. Nilidhani Mwalimu bado ana mwezi mzima, nitapata njia ya kurekebisha. Ningefanyaje?"

Gachanja alitoa kalamu.

"Andika haraka," Immaculate alimhimiza. "Wasimcheleweshe."

Saa sita na robo alitia sahihi, na picha ya maungamo ikatumwa bima. Bima wakakubali, na saa nane Wachuka aliingizwa chumba cha upasuaji.

Wakati huo Immaculate alikuwa kituoni, hotipoti mapajani.

"Ilikuwa ya Cate," alisema. "Nusu mpelekee Mwalimu."

Gachanja hakujua sheria inasemaje kuhusu njahi. Akaenda kutafuta bakuli.