Kiti cha Mtu Mmoja

Mtaa wa vipuri ulikuwa umefurika watu na kelele za nyundo, na Dada Sindano alikuwa ameinamia cherehani, subana kidoleni, kilemba cha rangi ya chungwa kimemkaa upande, mara fremu ya pikipiki kuukuu ikaingia dukani kabla ya mwenyewe.

"Samahani, dada, nimegonga mlango wako," ilisema sauti nyuma ya fremu.

"Mlango huo umezoea. Wewe hujaumia?"

Akajitokeza kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kwenye kola, lenzi ya fundi saa ikining'inia shingoni. Pikipiki ilikuwa ya marehemu mjomba wake, ya zamani kuliko wao wawili. Nyuma ilikuwa imekatika, na mchomeleaji alitaka jibu: airudishe ilivyotoka kiwandani, chuma kitupu bila springi, au afunge shokapu za kumeza mashimo?

Dada Sindano aliizunguka. Mtu anayeshona viti vya pikipiki mwaka hadi mwaka hawezi kuona umbo zuri akanyamaza, na chuma kile kilishuka kutoka kwenye tangi hadi gurudumu la nyuma kimenyooka kama pindo lililopigwa mkasi mara moja.

"Lo! Hii imeumbika! Haijachezewa hata kidogo."

"Unaipenda hivyo?"

"Nani asiyependa kitu kizuri?" Bahati mbaya alikuwa akimtazama mwenye pikipiki aliposema hivyo. Akaona haya, akamwelekeza haraka kwenye sanduku la mchanga.

Ndivyo alivyowapima wateja wake. Sanduku refu, mchanga wenye unyevu. Mtu anakaa, anainuka, na alama anayoacha ndiyo kipimo cha kiti chake. Fundi Saa alikaa ukingoni kwa adabu, kama mkwe ugenini.

"Kaa vizuri, baba. Mchanga haung'ati."

"Na suruali yangu?"

"Utajipangusa. Au unataka nikupanguse?"

Wakacheka mpaka jirani muuza matairi akachungulia. Kuanzia hapo simu hazikukatika. Umekula, mpenzi? Umeamkaje, ua langu? Jioni walitembea pamoja hadi kituoni, yeye akimtania kwamba fundi saa gani anachelewa kila miadi, naye akijibu kwamba saa za wateja zote ziko sawa, ya kwake ndiyo imependa. Dada Sindano alikuwa ameshachagua moyoni atakavyokaa nyuma ya pikipiki ile, na gauni gani avae.

Kisha Fundi Saa akapiga simu kwa furaha tele. "Nimeamua, kipenzi! Nyuma inabaki kavu, bila springi. Nishonee kiti cha mtu mmoja."

Maneno yalimchoma. Pikipiki isiyo na shokapu haibebi wawili. Wa nyuma atashuka hana mfupa uliokaa mahali pake. Mtu anayeiacha hivyo amekwisha kusema anasafiri peke yake. Hakuuliza. Alishona kiti, tena akakishona vizuri kuliko vyote kwa sababu hasira huunyoosha mshono, akakikabidhi bila tabasamu. Baada ya hapo simu ikiita, alijiambia ana kazi nyingi, akaiacha iite. Jioni alirudi kwao kwa njia ndefu asipite mtaa wa mafundi saa, na njia ile hakuipenda hata siku moja.

Asubuhi moja ikaita namba asiyoijua.

"Ni mama yake Fundi Saa. Namba nimeiona kwenye kibandiko chako, chini ya kiti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ndiye wewe unayenivunjia mtoto? Kila akirudi namchua mgongo. Nikimwambia aweke springi, anasema kuna mtu aliipenda ilivyo, hawezi kuiharibu. Sasa huyo mtu hata simu hapokei!"

Dada Sindano alikaa chini. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akapiga simu. "Lete hiyo pikipiki. Sasa hivi."

Fundi Saa alifika, akashuka kwa awamu, mkono kiunoni.

"Nani alikutuma uumie mgongo kwa ajili yangu?"

"Si ulisema imeumbika?"

"Nilisifu chuma! Hata gauni la dirishani nalisifu, na silivai."

"Basi na wewe, ulininunia nini?"

"Kiti cha mtu mmoja. Nikajua sina nafasi."

Fundi Saa alikigeukia kiti chake. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini. "Nilikuwa nalinda kitu ulichokipenda," alisema taratibu.

"Kuuliza si ujinga, Fundi."

"Mbona na wewe hukuuliza?"

Alikuwa na haki, na hilo lilimuudhi Dada Sindano zaidi. Akatazama mstari ule mzuri wa nyuma. "Shokapu zitauharibu. Nisikudanganye, haitapendeza hivi tena."

"Najua. Zifungwe. Nishonee cha wawili."

"Sishoni kwa kukisia. Nani anakaa nyuma?" Aliuliza kikazi kabisa, ila subana ilikuwa ikigongagonga meza.

"Mke wangu. Akikubali."

"Asipokubali?"

"Naendelea hivi hivi mpaka uti wa mgongo uachie."

"Usinitishe na mgongo wako."

Alinyunyiza maji kwenye sanduku, akausawazisha mchanga kwa kiganja mpaka alama zote za wateja wa jana zikafutika. "Kaa wewe kwanza."

Fundi Saa akapanda sandukuni na kukaa mbele akigugumia kwa maumivu. Dada Sindano akavua subana, akakusanya gauni lake, akakaa nyuma yake, akamshika kiuno pale palipouma.

"Nihesabu hilo ni jibu?" aliuliza bila kuthubutu kugeuka.

"Sogea mbele kidogo. Hapo. Sasa tulia, usiniharibie kipimo."