Kifo cha Mota ya Chashmasor

Saa kumi na mbili asubuhi mota ya pampu ya maji ya kijiji cha Chashmasor ilinguruma vibaya, ikatoa moshi, ikafa, na kijiji kizima kikashtuliwa na kimya. Watu wa huko huzaliwa ndani ya mvumo wake. Watoto wao hawahitaji kubembelezwa, mota huwabembeleza. Siku hiyo walitoka nje na nguo za kulalia, wakasimama chini ya miaprikoti iliyochanua, wakisikiliza kitu ambacho hakikuwepo. Mto Sirdaryo ulikuwa kule chini, mashamba huku juu, na bila mota maua yale yangebaki maua tu.

Kufikia saa saba mchana Sanavbar alikuwa amefika kutoka mjini na sanduku lake la vifaa. Ndiye aliyeisuka upya mota hiyo, akaitia koili mpya za waya wa shaba, palepale kituoni kwa kuwa haibebeki, na hata mwezi haujaisha. Mama wa miaka hamsini na ushei, vidole vyembamba, ulimi mkali. Alijua hana mpinzani katika kazi ya kusuka mota, wala hakujisumbua kuficha.

Ubaydullo, mwenyekiti wa chama cha maji, ambaye wote humwita raisi, alimngoja mlangoni mwa kituo.

"Karibu, fundi. Njoo uone kazi ya mikono yako."

"Salamu kwanza, raisi. Hata mwizi husalimiwa."

"Umejitaja mwenyewe. Watu wanasema ulitia waya mwembamba, shaba nzuri ukaiuza. Jioni wazee wanakutana nyumba ya chai. Nikilipeleka neno hilo, bonde zima hakuna atakayekupa hata feni uisuke."

Sanavbar hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na jina.

"Nipe mpaka jioni," akasema.

Boymurod, mlinzi wa pampu, alimletea kiti. Alikuwa mgane mpole, mwenye kutembea taratibu mithili ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Siku zote Sanavbar alipokuwa akisuka, huyu ndiye aliyemletea chai na kumsimulia habari za mwanawe aliyeko Urusi. Mkate ambao mwana huyo aliuma siku ya kuondoka ulikuwa bado umening'inia msumarini, mkavu kama kigae, ukingoja arudi aumalizie, ndivyo desturi ilivyo.

"Kula kidogo kwanza, dada. Umetoka mbali." Akasogeza bakuli la aprikoti kavu zilizolowekwa. Zilikuwa zimefura, zimerudia unono wake, na maji yake yalikuwa rangi ya asali.

"Na wewe?"

"Mimi na sukari hii? Daktari kanikataza hata kuzitazama." Akajimiminia chai chungu.

"Nitakula nikimaliza."

Akafungua kifuniko cha mota, akamulika tochi ndani. Petali nyeupe ziliingia dirishani na kutua juu ya chuma kilichoungua. Kisha akatabasamu.

"Raisi, hebu chungulia. Unaona nini?"

"Makaa."

"Zungusha macho pamoja na koili."

Ubaydullo akazungusha. "Nyeusi, nyeusi, safi. Nyeusi, nyeusi, safi. Mbona hivi?"

"Umeme wa mota hii huja kwa njia tatu. Ningekuwa nimesuka vibaya, ungeona donda moja tu, mahali pamoja shaba imeyeyuka. Mzigo ukizidi, zote huungua sawasawa. Lakini mbili zikiungua na ya tatu ikabaki kama siku niliyoipaka vanishi, basi njia moja ilikatwa mota ikizunguka. Mbili zikabeba mzigo wa zote tatu mpaka zikafa." Akakata kipande cha waya, akakisugua, akakitia kwenye kipimo cha unene. "Na waya ni uleule tuliokubaliana. Soma mwenyewe, usije ukasema nimekuroga."

Ubaydullo akasoma, akakohoa. "Basi ni umeme wa mjini. Hukatika njia moja kila siku."

"Humu mna taa tatu, kila moja na njia yake. Kaka Boymurod, mota ilipolia, taa ziliwaka?"

Boymurod alitazama viatu vyake. "Ziliwaka zote."

"Basi njia ilikatiwa humuhumu ndani."

Ubaydullo akapiga paja. "Ergash! Alionekana hapa asubuhi!"

Ergash alikuwa msimamizi wa maji wa kijiji cha chini. Pampu ikilala, maji yote ya mfereji utokao mtoni, ambao vijiji vyote viwili huutegemea, yanakuwa yake. Aliletwa akiwa na beleshi na matope hadi magotini.

"Nilikuja kugombana, kama kila wiki," akafoka. "Kugombana ni kazi yangu. Kuua mota siyo!"

"Uliingia ndani?" Sanavbar akauliza.

"Niingie wapi? Siku zote huyu mlinzi hunipa chai kwanza, ndipo tutukanane kwa raha. Leo kanifukuza getini kama kuku!"

Sanavbar akageuka kumtazama Boymurod, kisha akaliendea kabati la umeme. Lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa mlinzi, naye akautoa bila neno. Ndani, fyuzi tatu za kaure zilisimama safu moja, na mpini wa kuzichomolea ukining'inia kando. Fyuzi mbili zilikuwa na vumbi jeupe kama unga. Ya tatu iling'aa, kama kitu kilichoshikwa leo. Akafuata waya wake kwa kidole hadi kwenye mota, ukaishia kwenye koili zilizobaki safi.

Nje ya kabati, pembeni, kulikuwa na kisanduku cha kinga, ambacho kazi yake ni kuzima mota ikielemewa. Akakifungua, akachomoa kwa koleo dogo nusu ya ganda la kokwa ya aprikoti.

"Hiki kilifuata nini humu?"

Masikio ya Ubaydullo yakawa mekundu. "Umeme ukishuka, kinga inakata kila mara. Tukiikaba kwa ganda inatulia. Vituo vyote vinafanya hivyo!"

"Nani aliliweka?"

"Mimi. Juzi."

"Ulimwambia mlinzi wako?"

"Nimwambie ya nini?"

Boymurod akakaa chini, palepale sakafuni.

Sanavbar alilichukua lile bakuli, akamchuchumalia. Alikuwa amekwisha kujua, na alitamani asijue.

"Kaka Boymurod. Aprikoti kavu, mpaka zifure hivi, hulowekwa kwa muda gani?"

"Usiku kucha."

"Mota imekufa leo asubuhi. Mimi nimepigiwa simu ikiwa imeshakufa. Na wewe huzili. Jana jioni ulikuwa unamlowekea nani?"

Nje nyuki walivuma kwenye maua, sauti ndogo, kana kwamba walijaribu kuziba pengo la mota.

"Wewe," akasema Boymurod. "Nilidhani kinga itakata. Mota inyamaze tu, wakuite, ukute fyuzi imelegea, unicheke, ule, uende. Basi. Nilipoichomoa haikunyamaza. Ikalia. Nilikimbilia swichi, dada, wallahi nilikimbia."

"Ukairudisha fyuzi, ukakaa kimya nikiitwa mwizi!"

"Niliogopa."

"Namba yangu unayo! Si ungepiga simu?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema aprikoti zimelowa!" Sauti yake ikakatika. Alikuwa na hasira ya kumpasua kichwa, na chini ya hasira kulikuwa na kitu chenye joto, ambacho kilimkasirisha zaidi. "Jioni utasimama nyumba ya chai useme ulichofanya, na sababu yake, bila kuruka neno. Na raisi atasimama pembeni na ganda lake."

Walisimama. Ubaydullo aliliweka ganda juu ya kitambaa cha chakula kama mtu anayetema jino. Boymurod alisema yote, na wazee walicheka hadi wakajifuta machozi. Kwa mgane wa Chashmasor, heri fimbo kuliko kuchekwa. Lakini alipomaliza, hakuna aliyetaja tena waya mwembamba.

Mota ilisukwa upya. Boymurod ndiye aliyeng'oa koili zilizoungua, moja moja, Sanavbar akimsimamia na kumkaripia. Maji yalipopanda, maua yalikuwa yamekwisha kupukutika, na matunda mabichi madogo yakaonekana. Usiku huo kijiji kililala ndani ya mvumo wake.

Asubuhi Sanavbar alifunga sanduku, akala aprikoti za bakuli jipya mpaka akanywa na maji yake. Kisha akachukua mkate wa moto, akauuma ukingoni, akampa Boymurod uliobaki.

"Safari hii," akasema, "piga simu."

Boymurod alikuwa anatafuta msumari wa pili.