Karatasi Chini ya Cherehani

Fundi wa makochi alikuwa amechoka. Alichoka kushona, akachoka zaidi kugeuka nyuma kila hatua chache njiani. Wiki mbili nyuma aliporwa simu akirudi nyumbani. Tangu hapo alibeba mfukoni kikopo cha dawa ya pilipili, ile ya kumpulizia mtu machoni. Mkewe ndiye aliyemnunulia.

Mchana mmoja jirani yao, mama karani wa mahakama, alifuata kiti chake karakanani. Fundi alipoinama kukinyanyua, kikopo kikaanguka.

"Shemeji, hicho cha nani?"

"Changu. Kinauzwa dukani kama sabuni tu."

"Mimi nikibeba, sawa. Wewe uliyefungwa kwa kumjeruhi mtu, sidhani. Karatasi uliyopewa ulipotoka gerezani iko wapi?"

Fundi akakuna kichwa. Mkewe, aliyeleta chakula, akajibu kwa niaba yake.

"Hiyo hapo, dada. Kaikunja, kaiweka chini ya mguu wa cherehani isiyumbe."

Wakaichomoa. Karani akasoma polepole. Kwa miaka mitatu fundi haruhusiwi kuwa na silaha yoyote, hata dawa ya kujikinga. Akikiuka, anarudi gerezani.

"Basi abebe mkasi wake wa kazi," mke akasema.

"Hapa ni mkasi. Akiubeba njiani ili kujikinga, polisi watauita silaha."

"Kwa hiyo nipigwe tu?" Fundi aliketi. "Nimechoka, shemeji."

"Haki ya kujikinga bado unayo. Kikopo ndicho usichoruhusiwa kuwa nacho. Karipoti ule wizi. Funga mapema, rudi na wenzako. Na kabla hujabeba chochote, muulize afisa anayekusimamia. Sheria hutofautiana mahali na mahali."

Mke aliinamisha kichwa. "Nilitaka afike nyumbani salama. Kumbe nilikuwa namrudisha ndani."

Alikirudisha kikopo dukani siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata, fundi akirudi na seremala wa jirani, polisi waliwasimamisha na kupekua mifuko yao. Kwa fundi walikuta futi ya kupimia na bakuli tupu.

"Nendeni."

Fundi alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwake.

"Mbona umechelewa?" mke akauliza.

"Nimepekuliwa."

"Wakakuta nini?"

"Bakuli lako."

Mke akakaa chini, akalia kwa muda mrefu. Kisha akalichukua bakuli, akaliosha.

Karatasi sasa imebandikwa ukutani karakanani. Cherehani inayumba mpaka leo.