Fungueni Kidogo Tu

Giza lilikuwa limeanza kushika Lanet, na Edinah alikuwa nyuma ya nyumba akianua nguo. Alizianua mbiombio, bila hata kuzikunja. Tangu yule kijana afie hapo, hakupenda jua limzamie nje.

Nani angependa? Mtaa ulikuwa umechoka kuibiwa, na Nicodemus, mumewe, alikuwa amejenga ukuta, juu yake waya wa umeme, na geti la chuma linalofunguka kwa rimoti tu. Kijana aliyeitwa Levis aliingia mchana geti likiwa wazi, akajificha. Usiku king'ora kikalia. Akakimbia akizunguka ua, akafika dirishani kwa Edinah. "Mathe, nifungulie nitoke." Nicodemus akaishika rimoti, akasema wasubiri polisi. Kijana akapanda ukuta ili atoke. Waya ukamrusha, akaangukia kichwa kwenye saruji.

"Siku za mwizi ni arobaini," Nicodemus alisema, akaenda kulala. Hizo arobaini zikapita, lakini mwizi hakuondoka.

Zile taa zinazojiwasha mtu akipita zilianza vituko. Kwanza ya mlango wa jikoni. Halafu ya tangi. Halafu ya geti. Ni kama mtu anatoka, anakwama, anarudi. Fundi alizibadilisha zote. "Ni paka," Nicodemus alisema. Haya basi, paka gani ananuka nywele zilizoungua?

Kengele ya geti ikalia.

Edinah akaingia haraka na beseni lake, mlango wa jikoni akauacha wazi. Kwenye skrini ya kamera sebuleni alionekana mama mzee, kitambaa kichwani, tawi bichi mkononi.

"Hodi, wanangu. Mimi ni mamake Levis. Mwili tulizika, lakini yeye hajafika nyumbani. Kila nikilala ananiambia amefungiwa."

"Usifungue," Nicodemus alinong'ona nyuma yake, rimoti mkononi. "Hivi ndivyo wanafanyanga. Wanatanguliza mathe, wenyewe wako nyuma ya ukuta."

"Baba Zeddy, huyo ni mama wa watu."

"Nimesema hapana."

"Fungueni kidogo tu," mama aliomba. "Nimwite, tuende. Aliyekufa huitwa mara moja tu, mwito haurudiwi."

"Kuja kesho na chifu," Nicodemus akamjibu kwenye spika.

Mama akaegemeza paji la uso kwenye geti, akaita taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

"Levis. Twende nyumbani."

Taa ya jikoni ikawaka.

Ya tangi...

Ya geti.

Geti likatikiswa. Kwa ndani. Na ndani hapakuwa na mtu.

"Yuko hapa," mama akasema, sasa analia. "Namsikia akihema. Fungua, baba, nakuomba."

Edinah akanyoosha mkono apewe rimoti. Nicodemus akaificha mgongoni.

Mama aliliweka tawi chini. "Basi," alisema. "Kaeni naye." Akaondoka zake.

Taa ya geti ikazima. Ya tangi ikawaka. Kisha ya jikoni. Hapo ndipo Edinah alipoukumbuka mlango.

Kitu cha baridi kikampita ubavuni, kikinuka nywele zilizoungua, kikaelekea vyumbani.

Nicodemus akabonyeza rimoti. Sasa ndipo akabonyeza! Geti likafunguka, barabara ilikuwa tupu. Wakangoja sana. Hakuna taa iliyowaka.

Siku hizi majirani wanashangaa: nyumba yenye ulinzi kushinda zote mtaani, na geti halifungwi usiku wala mchana. Nicodemus alimfuata yule mama mpaka kwao Butula, akampigia magoti. Mama alimpa chai, akamwambia tena kwamba mwito haurudiwi.

Taa za nje zimetulia. Lakini wakishalala, komeo la chumba chao hujaribiwa, polepole, kwa ndani.

"Mathe..."

Edinah huamka, akaufungua mlango, akasimama kando apishe. Hakuna anayetoka.