Doa Jeusi Kwenye Kioo cha Bluu

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Shaista na rafiki yake Gladness walikimbilia maabara ya shule yao, huko Kimara. Mezani kulikuwa na vioo viwili vya simu vya aina ya OLED, walivyopewa na mjomba wake Shaista, ambaye ni fundi simu. Vioo hivyo havina taa nyuma. Kila nukta huwaka yenyewe, na nukta za bluu huchoka mapema kuliko nyekundu na kijani. Wasichana hao walitaka kujua kama bluu ikiwashwa kwa nusu ya nguvu itadumu zaidi. Maonyesho ya sayansi yalikuwa Ijumaa ya wiki ya nne.

Kwa siku kumi na nane mambo yalikwenda vizuri. Kioo kilichowashwa kwa nguvu zote kilizidi kufifia, na kile cha nusu kilibaki imara. Siku ya kumi na tisa Shaista alisoma kipimo cha mwanga, akarudia kukisoma. Kioo cha nusu kilikuwa kimepoteza robo ya mwanga wake kwa siku moja.

"Andika ile ya jana," Gladness alinong'ona. "Nani atajua?"

"Mie nitajua."

"Lakini grafu yetu itaharibika, Shaista."

Hata hivyo Shaista aliandika namba aliyoiona, kisha wakampelekea daftari Mwalimu Gozbert wa sayansi.

"Shikamoo, Mwalimu. Kipimo kimetugeuka," Shaista alisema.

"Marahaba. Mmekikagua kioo chenyewe, au mmeangalia namba tu?"

Walirudi mbio. Kwa lenzi waliona ufa mwembamba pembeni, na kando yake doa jeusi.

"Unyevu umeingia na kuziua nukta," alisema Mwalimu aliyewafuata.

"Kumbe bluu haichoshwi na nguvu peke yake," Shaista alisema, macho yakimng'aa. "Je, tukipata kioo kingine tukaziba kingo zake kwa gundi?"

Gladness alikuwa tayari ameshabeba begi. "Twende kwa mjomba wako kabla hajafunga."

Ijumaa walibandika grafu ikiwa na anguko lake, na chini yake wakaweka kioo chenye doa. Wageni walipanga foleni kuchungulia kwa lenzi, na waamuzi wakawapa nafasi ya kwanza.

"Mngeficha anguko hili," Mwalimu Gozbert aliwaambia, "mngekuwa na grafu nzuri bila kujua kitu. Andikeni mnachokiona, hata kikiwauma. Mtu anayejidanganya hajifunzi."

Gladness aliinamisha kichwa, kisha akacheka. Kioo kipya kilikuwa kimeshazibwa. Alikiwasha, bluu ikajaa mezani, akafungua ukurasa mpya na kuandika: Siku ya kwanza.