Aliyegonga Mara Mbili

Asubuhi ile ilikuwa ya kawaida kabisa. Mjomba wangu, fundi seremala wa majengo ya kale, mtu aliyejulikana kwa jina la Randa, alikunywa chai akiwa amesimama, akaikejeli nyundo yangu, kisha akapanda ngazi za lile jumba kuukuu huku akiyalaumu magoti. Mimi nyuma yake, nimebeba vifaa. Nimezunguka nchi nyingi nikifanya kazi za kila namna, na kote niliagwa kwa furaha. Mjomba pekee ndiye aliyenivumilia. Alisema mikono yangu ni ya kushona magunia, ila masikio ninayo.

Masikio yalihitajika. Boriti ilikuwa imeoza upande mmoja, nasi tulikuwa tunaiungia kipande kipya kwa kigingi cha mbao, maana majumba yale hayajui msumari. Mimi nilikuwa chumbani, napigilia kigingi. Yeye alilala chali upande wa pili wa ukuta, kwenye uwazi mwembamba wenye giza chini ya boriti ileile iliyoegemezwa kwa gogo. Sauti ya mtu haikupenya, kwa hiyo tuliongea kwa kugonga. Moja: subiri. Mbili: kigingi kimeingia, ondoa gogo. Likiondoka mapema, boriti inamshukia kifuani.

Kigingi kikapasuka. Nikakichomoa, nikagonga moja, nikashuka kuchukua kingine.

Nikiwa ngazini nikasikia, kule chumbani nilikotoka: ko, ko.

Jumba zima tulikuwa wawili tu.

Nikarudi mbio, na mwili wangu huu ambao hata basi lililosimama huwa unalikosa. Nyundo ilikuwa palepale nilipoiacha. Nikaishika, nikagonga moja. Boriti ikajibu mbili mbele ya macho yangu, vumbi likaruka. Nikagonga moja. Mbili. Kwa haraka zaidi, kama mtu anayenikata kauli.

Kisha, kupitia boriti, nikasikia gogo likikwaruza sakafu.

Kigingi sikuwa nacho. Nikaigeuza nyundo, nikausukuma mpini ndani ya tundu la kigingi. Ukaingia nusu. Ukakwama.

Ukarudi.

Nikasukuma. Nikasukumwa. Taratibu, bila papara. Nikauwekea kifua, nikafumba macho. Gogo likaanguka. Boriti ikashuka kidogo, ikaubana mpini. Ikatulia.

Mjomba alitoka akitambaa, vumbi hadi kwenye kope. Kwa mara ya kwanza hakuwa na la kunikejeli. Akaninong'oneza:

"Mpwa wangu, zako za moja moja nilizisikia. Zile mbili zilikuwa zinagongwa kando ya kichwa changu."

"Sasa gogo ulilitolea nini?"

"Sikulitoa." Akanionyesha viganja, vimechunika. "Nililikumbatia. Likavutwa."

Mchana uleule tuliegemeza boriti upya, tukapiga kigingi kizima, tena sote tukiwa upande mmoja. Mpini ulipotoka tuliutazama. Ulikuwa wa mti mgumu, ule unaomaliza meno ya msumeno. Kwenye ncha iliyokuwa ndani ya tundu palikuwa na alama ya dole gumba, imedidimia kama kwenye unga uliokandwa, hata mistari ya ngozi inaonekana. Mjomba akalijaribisha lake. Halikulingana. Langu pia.

Akachukua msumeno, akaikata ile ncha. Kwenye ncha mpya iliyoachwa na msumeno, alama ilikuwepo, imezama zaidi.

Akakata tena.

Mpini ulipobaki wa kushikwa kwa vidole viwili, na alama bado ipo, tukaacha.